Nyumba Hukaguliwa Mvuani

Machi 2

Mvua imeanza leo nikiwa kazini. Kwenye kiwanda cha mikate hatuisikii kwa kelele za mashine za kukandia unga. Niliijua kwa wateja waliokuwa wakiingia dukani mbele wakijipangusa vichwa. Nilipofika nyumbani nilikuta karai la kufulia liko katikati ya sebule, maji yanadondoka ndani yake, na kando ya karai, juu ya sanduku, ameketi wifi yangu.

"Za kazi, wifi," akasema. "Maji haya ni safi. Tutadekia."

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Amekuwa na duka la sufuria na sahani tangu kabla sijaolewa, na alikuwa akilala chumba cha nyuma cha duka hilohilo. Sasa jengo limevunjwa, na yeye kaja kwetu. Mume wangu hakuniomba ushauri, alinipa taarifa tu: "Dada anakuja, wiki mbili tatu hivi." Mtaa wao wote unamwita Mkono wa Birika. Kwa wasiojua, birika mkono wake haunyooki hata umpe nini, na mtu aliyeitwa hivyo usimtarajie kukununulia hata kiberiti.

Mungu anipe subira.

Machi 5

Amezima taa ya bafuni nikiwa ndani naoga.

Machi 6

Amepima sabuni ya unga kwa kijiko cha chai. Binti yetu, ambaye tunamwita Kasuku kwa kuwa hakuna neno linaloingia sikioni mwake lisitokee mdomoni, amezunguka nyumba nzima akiimba, "Kijiko kimoja kinatosha, kijiko kimoja kinatosha."

Machi 9

Mwenye nyumba amekuja na mwavuli wake. Ni mzee mpole, mstaafu wa posta, na kila akija hubisha hodi kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Alikunywa chai, akalitazama karai, akaangalia pembeni. Halafu akasema kuanzia mwezi wa sita kodi itapanda.

"Kwa nini, mzee?" mume wangu akamuuliza.

"Kila kitu kimepanda, mwanangu. Hata mimi mwenyewe presha imepanda."

Tulicheka, lakini alipoondoka hakuna aliyeendelea kucheka. Mume wangu alisimama dirishani muda mrefu. Yeye ni fundi wa lifti. Kutwa nzima anapandisha watu kwenye maghorofa ya wenzao, kisha anarudi kulala chini ya paa linalovuja. "Tunamlipia mtu mwingine nyumba yake," akasema. "Mpaka lini? Kuna dalali mmoja ninamfahamu."

Machi 14

Nimeiona nyumba, na naandika haraka kabla moyo haujapoa.

Dalali anaitwa Asali, na ukimsikiliza dakika chache unajua kwa nini. Alituchukua kwa gari lake hadi nje ya mji, jua likiwaka vizuri baada ya siku tatu za mawingu. Nyumba mpya, safu kwa safu, kuta nyeupe, vigae sakafuni vinavyong'aa mpaka unaona aibu kukanyaga. Na jiko! Nimekanda mikate ya watu tangu nikiwa msichana, na nyumbani kwangu nakatia vitunguu juu ya kiti. Jiko lile lina meza ndefu ya jiwe, makabati, na dirisha linalotazama uani. Nilipitisha kiganja juu ya jiwe lile, lilikuwa baridi, laini. Mume wangu aliniona. Akatabasamu kama siku ya harusi yetu.

Malipo ya awali ni akiba yetu yote, ile tuliyoichanga tangu Kasuku azaliwe. Inayobaki tutalipa kila mwezi kwa miaka mingi. Asali anasema tuamue kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna wateja wawili wengine, daktari na mfanyabiashara.

Machi 15

Nimeota lile jiko.

Machi 18

Leo mezani palichafuka.

Mume wangu alikuwa akimweleza dada yake habari za nyumba, mikono ikienda huku na huku. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Hayo malipo ya kila mwezi ni sehemu gani ya mishahara yenu?"

"Kama nusu hivi. Na kidogo."

"Na hicho kidogo ni kiasi gani?"

"Dada, tutajibana."

"Nauli ya kwenda kazini kutoka huko? Wewe asubuhi, wifi alfajiri, mtoto shuleni. Maji je, yanatoka bombani au yanaletwa na gari? Na ukiumwa mwezi mmoja, mkataba unasemaje?"

Mume wangu akasukuma sahani. "Dada, wewe umeishi nyuma ya duka maisha yako yote. Unajua nini kuhusu nyumba?"

Wifi alichukua kitambaa, akafuta meza mahali palipokwisha kufutwa. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilijisemea, leo kapata mtu wa kumwambia.

Machi 20

Tulikuwa tunaosha vyombo, wifi akisuuza. Mvua ilikuwa ikipiga bati mpaka tunapaza sauti.

"Wifi," akaniambia, "duka langu la kwanza nililipanga kiangazi. Zuri, rangi mpya. Mvua ya kwanza tu, sahani zikaelea kama bata. Mimi sisemi msinunue. Nasema nyumba ikaguliwe mvuani. Kesho kutwa si huna kazi? Twende wawili tu. Tukiikuta kavu, nitamwomba kaka yako radhi mbele ya mtoto."

Alipomwita mume wangu "kaka yako", kana kwamba mimi ndiye dada mtu, niligundua kwamba anatania ili kuficha kuwa anaogopa kwa ajili yake. Nikamwambia twende.

Machi 22

Tumekwenda. Nimerudi miguu inanuka matope lakini kichwa kimekaa sawa, na nataka kuandika yote.

Basi lilituacha barabara kuu kwa sababu dereva alikataa kuingia. "Huko ndani mimi siendi, mama, gari si boti." Tukavua viatu. Ile barabara aliyotupitisha Asali siku ya jua ilikuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa. Wifi alitangulia akipima kina kwa mwavuli, sketi kaifunga magotini, mimi nyuma nimemshika bega. Tulipofika kwenye nyumba yangu, kwa maana moyoni nilishaiita yangu, uani palikuwa bwawa. Maji yalikuwa yamepanda kizingiti cha mlango wa jikoni. Nilichungulia dirishani. Vigae vilikuwa chini ya maji, vinang'aa vilevile.

Nyumba ya jirani ina watu. Mlango ulikuwa wazi na mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anasukuma maji nje kwa fagio. Makochi yake yamesimama juu ya matofali.

"Karibuni," akasema. "Viatu… basi, naona mmeshavua."

Tulimweleza tumekuja kuangalia. Akacheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akacheka tena. Walihamia kiangazi kilichopita. Maji ya kunywa huletwa na gari. Kuna ada ya ulinzi, ada ya taka, ada ya barabara, "hii hii mliyoiogelea." Hayo yote hayakutajwa siku ya kwanza. Na kuna kifungu kwenye mkataba, ukurasa wa nyuma: ukikosa kulipa miezi miwili mfululizo, nyumba inarudi kwa kampuni na malipo ya awali hayarudi.

"Mlikisoma hicho kifungu?" nikamuuliza.

"Dada yangu, mimi nilikuwa nasoma vigae."

Niliona haya kwa ajili yangu mwenyewe. Mkataba tuliopewa na Asali uko nyumbani kwetu, juu ya kabati, na mimi pia sijafika ukurasa wa nyuma.

Nilimgeukia wifi nikisubiri aseme lolote, kwamba aliniambia, kwamba mnaona sasa. Alikuwa ameshachukua fagio la pili nyuma ya mlango, ameinama, anasukuma maji pamoja na yule mwalimu. Nami nikachukua ndoo. Tulifanya kazi mpaka sebule ile ikaonekana sakafu, tukapewa chai, tukaondoka.

Njiani aliniuliza jambo moja tu: "Lile jiwe la jikoni, ni zuri kweli?"

"Ni zuri, wifi."

"Pole," akasema. Na ilikuwa pole ya kweli.

Machi 24

Mume wangu hakuamini. Au hakutaka kuamini. Amekwenda mwenyewe leo, Jumapili, mvua ikinyesha. Amerudi na viatu mkononi, akala, akausoma mkataba wote ameketi kando ya karai. Kisha akampigia Asali simu akamwambia hapana. Hata jikoni tulisikia jinsi Asali alivyogeuka shubiri.

Baadaye alikuja jikoni nilipokuwa. "Nilitaka mtoto awe na geti la kusema hili la kwetu," akaniambia. Nilimkumbatia. Kisha akaenda chumbani kwa dada yake, akakaa huko kitambo. Sikusikiliza, ila Kasuku kaja kuniambia: "Baba amesema 'nisamehe, dada.' Shangazi amesema 'nenda kaoge, unanuka bwawa.'"

Machi 29

Mvua. Mikate imekataa kuumuka. Kila mtu kachoka.

Aprili 6

Nyumba ile tumeiacha, lakini kodi bado inapanda na paa bado linavuja. Leo tumeketi wote kuzungumza, hata Kasuku, kwa kuwa wifi anasema mtoto anayejua kwa nini hapati biskuti halii sana.

Yeye ndiye aliyesema kuhusu mwenye nyumba. "Yule mzee si mroho. Mtu mroho hatazami pembeni. Anaogopa gharama ya paa, anataka kuichangisha kwenye kodi. Mwondoleeni hofu."

Kisha tukapekua matumizi yetu wenyewe, na hapo ndipo vita vilipokuwa. Nauli ya teksi zangu za alfajiri: kumbe gari la kusambaza mikate hupita karibu nasi na dereva amekuwa akinisihi nipande bure. Mchele na maharage kununua kwa gunia pamoja na jirani, badala ya kilo kilo dukani. Kifurushi cha televisheni cha mpira.

"Hapo hapana," mume wangu akasema.

"Jirani si ana hicho hicho?" dada yake akauliza.

"Jirani anashangilia timu nyingine!"

"Basi mtagombana bure bila malipo."

Tulicheka mpaka mume wangu akainua mikono. Mimi nami nimeacha ile simu mpya niliyokuwa nimeipania. Iliyopo inaita na kuitika, inatosha.

Aprili 8

Tumekwenda wote watatu kwa mwenye nyumba. Mume wangu alimweleza: mzee anunue mabati, mbao na misumari; yeye fundi ataezeka bila kudai ujira; na kodi ibaki ilipo kwa miaka miwili, kwa maandishi.

Mzee alifikiri. "Wewe si fundi wa lifti? Isije nyumba yangu ikapanda juu."

"Ikipanda, mzee, utaongeza kodi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatuambia ukweli. Alikuwa ameambiwa na fundi mmoja bei ya kuezeka ambayo ilimnyima usingizi, na alikuwa anaona haya kutuangalia kila akiona lile karai. Wifi akamwambia duka la mabati la kuaminika na akataja bei yake. Wakapeana mikono. Tulirudi kwa miguu, mvua ikitunyeshea, na hakuna aliyefungua mwavuli.

Aprili 17

Mume wangu amerudi mapema mno. Kampuni yao imepoteza majengo mawili makubwa. Mafundi wote wamepunguziwa siku, na mshahara wake umekatwa karibu nusu mpaka watakapotangaziwa tena.

Aliketi kwenye ngazi ya mlangoni na koti la kazi mwilini. "Mama Kasuku, unafahamu kwamba mwezi huu tungekuwa tunalipa awamu ya kwanza?"

Ninafahamu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani kabla hajamaliza kusema. Mwezi huu tungelipa kwa kukopa. Mwezi ujao na unaofuata tusingelipa. Baada ya hapo kampuni ingechukua nyumba na akiba yetu yote, na sisi tungekuwa barabarani tumeshika jiko la ndoto zangu.

Nimeogopa, lakini hofu hii ina mahali pa kukanyaga. Akiba ipo. Kodi haijapanda. Mchele umo kwenye pipa. Nashukuru, nashukuru, nashukuru. Naandika mara tatu kwa sababu leo sina neno jingine.

Aprili 19

Siku asizokwenda kazini anaezeka. Wifi yuko chini anampokeza misumari na kumwambia asipoteze hata mmoja.

Aprili 26

Mvua kubwa kuliko zote mwaka huu. Tumeketi sebuleni wote wanne tukitazama dari. Hakuna tone. Kasuku amelala ndani ya karai, anasema ni kitanda chake.

Mei 3

Nimerudi usiku huu kutoka hospitali.

Kwa wiki kadhaa nimemwona wifi akitafuna karafuu na kula upande mmoja. Nikimuuliza anasema, "Upepo tu, wifi, utapita." Leo nimetoka kazini nikamkuta kitandani mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Shavu limevimba mpaka jicho limefumba, uvimbe umeshuka hadi shingoni, mwili unachemka. Alijaribu kuniambia nisiwashe taa.

Sikumsikiliza. Nilimwita mume wangu kutoka kwenye paa la jirani anakofanya kibarua, tukamweka kwenye teksi, na yeye, katika hali ile, akauliza dereva anatoza kiasi gani.

Daktari wa meno alimtazama mara moja akatugombeza wote. Jino lilioza zamani, usaha umesambaa, na ukifika kooni mtu hukosa pumzi. "Mngemleta kesho, sijui," akasema, akaacha hapo. Ilibidi alazwe, apasuliwe, awekewe dripu. Karani akataja gharama.

Wifi akanishika mkono. Maneno yalitoka nusu nusu. "Hizo ni hela za nyumba. Msiziguse. Nipeni dawa tu, nirudi."

"Wifi," nikamwambia, "unaijua nyumba gani isiyo na watu?"

Nikaenda nikalipa. Sijawahi kutoa pesa kwa moyo mweupe namna ile.

Tukiwa tumeketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mume wangu aliniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia miaka yote hii. Baba yao alipokufa yeye alikuwa bado mwanafunzi, na ada ya chuo cha ufundi ililipwa na sufuria. Sufuria moja baada ya nyingine, bila kupunguza bei kwa yeyote, na bila sukari kwenye chai ya muuzaji. "Hilo jina la Mkono wa Birika walimpa miaka ile," akasema. "Watu walijua anabana. Hawakujua anabana kwa ajili ya nani."

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Yeye alinikataza. Alisema mke asikute deni la shukrani mlangoni."

Nililia hapo kwenye benchi. Nimemhesabia mwanamke huyu vijiko vya sabuni.

Mei 5

Joto limeshuka. Ameomba uji. Ameambiwa na muuguzi alale, naye kamwambia muuguzi taa ya korido inawaka bure mchana.

Mei 9

Amerudi nyumbani. Uso bado umepinda kidogo na Kasuku anamwigiza, naye anacheka akijishika shavu.

Jioni tumezungumza, mimi na yeye. Nilimwambia kubana matumizi tumejifunza kwake na kumetuokoa, ila kuna mahali alikosea: alijiweka yeye mwenyewe kwenye orodha ya matumizi yasiyo ya lazima.

"Nilizoea," akasema.

"Zoea vingine."

Tumekubaliana sote. Kila mwezi, kabla ya jambo lolote, pesa ya matibabu inatengwa, na haiguswi hata kwa mabati. Tutajiunga na bima, wote wanne. Na anayeumwa anasema siku hiyohiyo. Mume wangu akaongeza kwamba anayekula upande mmoja atapelekwa kwa nguvu.

Mei 14

Manyunyu tu.

Mei 21

Wifi ameanza kusema habari za kutafuta chumba. Wiki mbili tatu zilikwisha zamani, akasema. Kabla mume wangu hajafungua mdomo nikasema mimi: chumba anacho, na tena hakivuji. Akajidai anatafuta kitu mkobani.

Mei 27

Kampuni imepata jengo la hospitali, lifti sita. Mume wangu anarudi siku zote za kazi kuanzia Jumatatu. Amekuja na habari hiyo akikimbia kama mtoto, akasahau kuvua kofia ngumu ya kazini.

Mei 31

Jua kutwa nzima. Nguo zote zimekauka mara moja, jambo ambalo nilikuwa nimeshasahau kuwa linawezekana.

Mume wangu amepokea malipo yake ya nyuma. Mimi nilitaka yote yaingie akibani, kwa sababu nyumba bado tunaitaka, siku moja, mahali pakavu. Yeye alitaka kifurushi cha mpira. Tukamgeukia wifi, tukijua atakachosema.

"Tukanywe chai," akasema, "mahali ambapo mtu mwingine anaosha vikombe."

Tulidhani hatukusikia vizuri. Lakini alikuwa ameshavaa viatu.

Tulikwenda mgahawa wa kona, ule wenye vitambaa mezani. Kasuku akaagiza keki, akatuambia kila mmoja wetu ladha yake ilivyo, mara mbili. Aliyetuhudumia ni msichana mwembamba, dhahiri mgeni kazini. Alimwaga maziwa, akaomba radhi mpaka tukaanza sisi kumwomba radhi. Mume wangu alisimulia mzee wa posta alivyokuja kulikagua paa akiwa na mwavuli wazi ndani ya nyumba. Wifi alicheka kwa mdomo wote, pengo la jino likionekana, hakulifunika kwa mkono kama siku za kwanza. Alikunywa vikombe viwili. Cha pili alitia sukari.

Mume wangu akalipa, tukatoka. Tulikuwa tumeshavuka barabara tuliposikia mtu anakimbia nyuma yetu. Ni yule msichana, aproni inapepea, noti mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi.

"Mama, samahani! Umesahau pesa yako chini ya kisahani."

Wifi alimtazama, kisha akazikunja zile noti vizuri ndani ya kiganja cha yule msichana, akakifunga kidole kwa kidole.

"Sijasahau, mwanangu," akasema.